Grogan, barabara iliyokataa jina jipya

Ukitafuta springi ya gari lililoacha kuundwa miaka mingi iliyopita, au fundi wa kufufua injini ambayo gereji kubwa zimeikatia tamaa, mtu yeyote wa Nairobi atakwambia uende Grogan. Hatakwambia uende Barabara ya Kirinyaga, ingawa hilo ndilo jina lililo kwenye kibao na kwenye ramani. Utashuka matatu pale Globe, utateremka kidogo kuelekea mtoni, na kabla hujafungua mdomo kijana mwenye grisi hadi viwikoni atakuwa ameshakudaka: "Boss, unatafuta nini? Shoku? Bushi? Taa ya nyuma?"

Nimelisikia jina hilo tangu utotoni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na aliposema "nilipitia Grogan" mama hakuuliza zaidi kwa nini amechelewa. Kwetu lilikuwa mahali ambapo pesa za nyumbani ziliishia gari likiharibika. Hakuna aliyelieleza, na hakuna aliyeona linahitaji kuelezwa, kama vile mtu asivyoeleza kwa nini mto unaitwa mto.

Nilipoanza kuuliza pale pale barabarani, majibu yalinijia kutoka kila upande. Muuza vioo mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba Grogan alikuwa Mhindi mwenye duka la kwanza la spea. Mwenzake akampinga: ilikuwa kampuni ya Waingereza iliyoleta matrekta. Wengi wa vijana walicheka tu na kusema, "Grogan ni Grogan." Ni mzee mmoja anayenyoosha bodi za magari, ambaye hakuinua hata macho kutoka kwenye mlango aliokuwa akiugonga, aliyenipa neno lililonikaa. "Huyo alikuwa setla, kijana wangu. Hapa palikuwa matope matupu. Akayachukua."

Hilo la matope ndilo lililonifanya nifuatilie. Masetla, walowezi wa Kizungu tuliofundishwa shuleni, walichukua nyanda za juu: Naivasha, Nakuru, Kitale, ardhi nyekundu yenye rutuba na hewa baridi. Setla anayechukua matope katikati ya mji alitaka nini?

Mtu anayetaka kujua habari za Nairobi ya zamani ana mahali pawili pa kuanzia, na pote unaweza kutembea kwa miguu kutoka Grogan. Pa kwanza ni Nyaraka za Taifa, katika Barabara ya Moi. Pa pili ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, jengo la mawe lenye nguzo ndefu na simba wawili mlangoni. Lenyewe ni kumbukumbu ya setla: William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri, na ni mjane wake Lucie aliyelijenga kwa ajili yake. Unaketi chini ya jina la setla mmoja kumsoma setla mwingine. Katika ramani za zamani za mji, barabara inayofuatana na Mto Nairobi upande wa chini imeandikwa waziwazi: Grogan Road.

Ewart Scott Grogan alizaliwa mwaka 1874 huko Eltham, Uingereza. Alisoma Cambridge lakini hakumaliza, akaenda kusini mwa Afrika na kupigana vita dhidi ya Wandebele mwaka 1896. Kisha akampenda msichana wa New Zealand, Gertrude Watt. Habari yake inayojulikana zaidi ni kwamba baba wa kambo wa msichana alitilia shaka kama kijana huyu asiye na kazi angeweza kumtunza mke, na Grogan akaahidi kujithibitisha kwa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Alianzia Beira mwaka 1898, akapanda kwa njia ya mto Zambezi na mto Shire, akapita Ziwa Nyasa, Tanganyika, Kivu, akateremka na Nile, na mwanzoni mwa mwaka 1900 akafika Cairo. Sehemu ya safari alikuwa na mwenzake, Arthur Sharp, aliyeachana naye njiani. Mwaka huo huo alichapisha kitabu cha safari na akamwoa Gertrude.

Safari hiyo ilimpa sifa maisha yake yote, na hata leo ukitaja jina lake kwa mtu anayejua historia, jambo la kwanza atakalokwambia ni "yule aliyetembea". Mimi nakiri ujasiri wake. Lakini safari kama hiyo haitembei kwa miguu ya mtu mmoja. Wapo waliobeba hema, chakula, risasi na sanduku za vitabu kichwani, siku baada ya siku, kwenye vinamasi na nchi zenye njaa na vita. Hao waliobeba ndio waliotembea zaidi, kwa sababu wao walitembea na mzigo.

Alikuja Kenya, wakati huo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, mwaka 1904. Ilikuwa miaka mitano tu tangu reli ya kutoka Mombasa ifike Nairobi, mwishoni mwa Mei 1899. Wenye reli walipachagua mahali hapa kwa sababu palikuwa tambarare, pana maji, na ndiyo nafasi ya mwisho pana kabla ya kuanza kuparamia milima kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Hawakuchagua mji; walichagua mahali pa kupanga mahema na mabehewa. Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe hapo, na Wakikuyu walilima kuanzia ukingo wa msitu upande wa Dagoretti. Kwa watu wa kuishi, mahali penyewe palikuwa na ila kubwa: maji hayakuwa na pa kwenda. Mvua ikinyesha, tambarare ilijaa, na kando ya mto kulikuwa na kinamasi cha mafunjo kilichojaa mbu na vyura. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika maduka ya Wahindi, na wakubwa wakaamuru soko lote lichomwe moto.

Sasa ndipo nilipolielewa neno la mzee wa bodi. Grogan alikuwa na jicho la mfanyabiashara kuliko la mkulima. Alipofika alikuwa na mipango ya mbao katika misitu ya Eldama Ravine, na huko Mombasa alichukua ardhi ya Mbaraki akiwaza gati la meli kubwa kabla serikali haijawa na gati lake. Na Nairobi alichukua kile ambacho wengine walikiogopa: kinamasi cha kando ya mto, kati ya mji na kilima cha Ngara. Wenzake walitaka kilima, upepo na mandhari. Yeye alitazama ramani akaona kwamba mji ukikua hauna budi kuushukia mto. Wakati wa kusubiri, wakulima wa mboga wa Kihindi walikodi sehemu za kinamasi na kulima humo. Maafisa wa afya wakalalamika miaka mingi juu ya mbu na uchafu wa mahali hapo. Mwenye ardhi akasubiri. Mji ukashuka kama alivyotarajia, na matope yakageuka kuwa viwanja.

Kwa hiyo barabara haikupewa jina lake kwa heshima tupu. Ilipita kwenye ukingo wa ardhi yake. Hili nadhani ni muhimu kulielewa, kwa sababu majina ya Nairobi ya kikoloni hayakuwa ya aina moja.

Mwanzoni barabara kadhaa zilikuwa na namba tu. Ile tunayoiita leo Barabara ya Kenyatta ilikuwa Barabara ya Sita kabla ya kuitwa Delamere. Kisha yakaja majina ya wakubwa wa serikali, karibu kwa zamu walivyofuatana ofisini: Hardinge, Eliot, Stewart, Sadler. Ukisimama leo katikati ya mji na kuzunguka ukijua hilo, unatembea kwenye orodha ya makamishna, ila orodha imeandikwa upya. Hardinge imekuwa Kimathi. Eliot imekuwa Wabera, kwa jina la mkuu wa wilaya aliyeuawa kule Isiolo mwaka 1963. Stewart imekuwa Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 walipoandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao. Sadler imekuwa Koinange. Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli, akampisha Haile Selassie. Waliokuja baada ya uhuru walifanya kazi hiyo kwa makini kuliko tunavyowapa sifa. Walijua kila jina walilokuwa wakiliondoa na wakachagua la kuliweka mahali pake.

Na majina hayo mapya yakashika. Hakuna mtu wa rika langu anayesema Hardinge. Wazee wachache bado walikuwa wakisema "Government Road" nilipokuwa mdogo, wakimaanisha Barabara ya Moi, lakini hata wao wamenyamaza. Delamere alikuwa setla mkubwa kuliko wote, kiongozi wao, na sanamu yake ilikaa katikati ya barabara kuu. Uhuru ulipokuja sanamu ikaondolewa mjini ikapelekwa kwenye shamba la familia yake huko Soysambu, jina la barabara likabadilishwa, na leo ukimwambia dereva wa teksi akupeleke Delamere atakuuliza ni mkahawa gani huo.

Grogan peke yake alibaki. Barabara ilipewa jina la mlima mtukufu, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, jina ambalo watu wa kando ya mlima walilitumia kabla ya mgeni yeyote kuuona. Huwezi kupata jina zuri zaidi. Na bado halikushika.

Nimelifikiria jambo hili sana, na nina maelezo yangu. Jina la barabara ya maofisi huishi kwenye bahasha, kwenye kichwa cha barua, kwenye hati. Ofisi ikibadilisha anwani, jina limebadilika. Lakini huku chini hakuna aliyekuwa akiandika anwani. Huku watu walielekezana kwa mdomo: muuzaji akimwelekeza mteja, dereva akimwelekeza utingo, fundi akimtuma mwanafunzi wake akalete nati ya saizi fulani. Jina lililotumika kwa kazi kila saa halikungoja tangazo la serikali. Tayari lilikuwa limeacha kuwa jina la mtu na kuwa jina la aina ya mahali. Watu wa miji mingine wamewahi kuniuliza, "Kwenu Grogan iko wapi?" wakimaanisha, mahali penu pa kununua spea kuukuu pako wapi?

Tazama pia jirani zake. Globe ilikuwa jumba la sinema; sinema haiko, mzunguko wa magari bado ni Globe. Racecourse Road inakumbuka uwanja wa mbio za farasi uliohamia Barabara ya Ngong mwaka 1954, na hakuna farasi aliyeonekana upande ule tangu wakati huo. Kariokor ni wale wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande huu wote wa chini wa mji umetunza majina yake ya zamani kuliko upande wa juu wenye mabenki, na sababu ni hiyo hiyo: huku majina hukaa midomoni.

Lakini jina likikaa mdomoni bila habari yake, kuna kitu kinachopotea, na kwa Grogan kilichopotea ni kizito. Siku ya tarehe 14 Machi 1907, Grogan aliwaongoza Wazungu wengine hadi mbele ya mahakama ya Nairobi, wakiwa na vijana watatu wa Kikuyu. Kazi ya vijana hao ilikuwa kuvuta vigari vya magurudumu mawili vilivyowabeba Wazungu mjini. Kosa lililotajwa ni kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba. Hapakuwa na kesi. Hakimu alitoka nje akajaribu kuwazuia, hawakumsikiliza. Grogan aliyekuwa rais wa Chama cha Walowezi akachapa viboko mwenyewe, kwa mkono wake, hadharani, mlangoni pa sheria yenyewe, na wenzake wakachapa waliobaki.

Hakufanya hivyo kwa hasira ya ghafla. Alichagua mahali. Angeweza kuwachapa nyumbani kwake, na hakuna ambaye angeuliza. Masetla walichapa wafanyakazi kila siku. Aliwapeleka mahakamani ili serikali ione, na ili Waafrika waone kwamba serikali imeona na haikuweza kitu. Yeye na wenzake kadhaa walishtakiwa, na Grogan akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Kosa alilopatikana nalo lilikuwa kushiriki mkusanyiko haramu. Habari zilifika London, na serikali ya Uingereza ikachapisha barua zote za mkasa huo mwaka huo huo kwa ajili ya bunge.

Nilipoisoma habari hiyo nilitoka nje ya maktaba nikasimama kidogo. Nilikuwa nimemjua Grogan wa kutembea na Grogan wa matope, na wote wawili ningeweza kuwasimulia kwa fundi yeyote tukacheka pamoja. Huyu wa tatu si wa kuchekea. Na nilihisi uchungu kufikiria kwamba wavuta vigari wale, watu wa kazi ya jasho barabarani, walikuwa karibu sana na watu wanaolitaja jina lake leo. Msukuma mkokoteni anayepita Grogan na mzigo wa bati anafanya kazi ileile, kwa misuli ileile, kwenye mji uleule. Anasema, "Nipishe, naenda Grogan."

Wapo wanaosema jina lifutwe kabisa, hata midomoni. Rafiki yangu mwalimu wa historia ni mmoja wao. Tumebishana juu ya hili hadi chai ikapoa. Yeye anaona kila mara tunapolitamka tunamfanyia kazi ya kumkumbuka mtu aliyetudharau. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Jina lililofutwa hunyamaza pamoja na yale liliyoyaona. Tulimwondoa Delamere, na pamoja naye tukaacha kuulizana barabara ile ilikuwaje ya watu wa aina moja tu. Grogan lipo, kwa hiyo mtu bado anaweza kuuliza. Ninachotaka ni jibu liwepo pale pale mtu anapouliza. Kibao kimoja, kwa Kiswahili chepesi, kando ya Globe: hapa palikuwa kinamasi, mtu huyu alikichukua, mwaka 1907 aliwachapa watu watatu mbele ya mahakama, mji ukajengwa juu ya matope yake kwa mikono ya wengine. Serikali ya kaunti ina uwezo wa kuweka mabango ya matangazo ya kila namna mjini. Hili lingewagharimu kidogo sana.

Ukishalijua jina, unaanza kuliona mahali lisipoandikwa. Chiromo, penye vitivo vya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni jina alilolibeba Grogan kutoka alikopita: Chiromo nyingine iko Malawi, mto Ruo unapoingia mto Shire, na yeye akajenga nyumba yake ya Nairobi na kuipa jina hilo. Baadaye nyumba ikawa ya akina McMillan, wale wale wa maktaba. Masetla wa mwanzo walikuwa wachache na waliuziana, kwa hiyo ukivuta uzi mmoja unawavuta wote.

Kisha kuna hospitali ya watoto ya Gertrude's huko Muthaiga. Gertrude Grogan alifariki mwaka 1943, na mumewe akatoa ardhi na fedha, hospitali ikaanzishwa mwaka 1947 kwa kumbukumbu yake. Nina jamaa ambao watoto wao wamelazwa pale na kupona. Yule msichana wa New Zealand, ambaye safari nzima ya kutoka Beira hadi Cairo inasemekana ilifanywa kwa ajili yake, ndiye mwenye jina lililobaki rasmi mjini, likiwa limeandikwa mlangoni, likisomwa na akina mama wenye watoto wagonjwa. Sioni sababu ya kumnyima Grogan wema huo. Mtu yule yule alifanya yote mawili, na anayetaka kumjua lazima ayashike yote mawili kwa pamoja bila moja kulifuta jingine.

Ngome yake ya Taveta nimeiona kutoka barabarani tu, nyumba nyeupe ya ajabu juu ya kilima, aliyoijenga miaka ya 1930 akitazama mashamba yake ya mkonge upande wa Ziwa Jipe na Kilimanjaro. Watu wa Taveta wana mengi ya kusema juu ya mashamba hayo. Suala la nani anamiliki ardhi ya Taveta na nani anaishi juu yake kama mgeni limeendelea hadi vizazi vya leo, na linastahili makala yake lenyewe, iliyoandikwa na mtu wa huko. Grogan mwenyewe aliondoka Kenya uzeeni akafia Cape Town mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Aliishi karibu miaka minne ya uhuru ambao alikuwa amepinga wazo lake maisha yake yote.

Narudi kwenye ardhi, kwa sababu mzee wa bodi alianza na ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa masetla mashambani hati za miaka 999. Nambari hiyo huwa naisoma mara mbili kila ninapokutana nayo. Mtu alipewa karatasi ya kudumu zaidi ya vitukuu vya vitukuu vyake. Mafundi wa Grogan, ambao wamelilisha jina hilo kwa zaidi ya nusu karne na kulifanya lijulikane kutoka Busia hadi Garissa, wengi wao hawana karatasi yoyote. Wanafanya kazi kwenye hifadhi ya barabara, kwenye uchochoro, kwenye ukingo wa mto. Kodi ya kila siku ya kaunti wanalipa, risiti wanapewa, lakini risiti si hati. Fundi aliyetumia miaka 30 kwenye nafasi ya gari moja anaweza kuamka asubuhi moja akute tingatinga.

Na mto nao haujasahau. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipozidi, Mto Nairobi ulivunja kingo zake na maji yakarudi mahali pake pa zamani, yakipita yanapopajua. Serikali ikaagiza waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na bomoabomoa ikafuata sehemu nyingi za kingo za mito ya mji. Nakubali kwamba mto unahitaji nafasi yake. Watu walikufa mwaka ule, na hakuna injini inayostahili roho ya mtu. Lakini sikubali kwamba wa kuondoka ni mafundi peke yao, bila kuonyeshwa pa kwenda, wakati walionunua viwanja vya kinamasi hicho kwa hati halali, vilivyotoka katika mkono uleule wa kwanza, wanaendelea kukusanya kodi kwenye maghorofa yaliyosimama juu ya njia ileile ya maji.

Nilimpelekea mzee nakala ya ramani ya zamani. Aliifuta mikono kwa tambara, akaitandaza juu ya boneti, akafuata mto kwa kidole hadi akapata barabara yenye jina lile. Vijana wawili walisogea kutazama. Mmoja akauliza kibanda chao kingekuwa wapi kwenye ramani, na mzee akaweka kidole kwenye eneo lililochorwa vistari vya kuonyesha kinamasi. Kijana akaniuliza kama kuna karatasi ya namna hiyo inayoweza kuandikwa majina yao. Nikamwambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Jamii haiwahusu mjini, lakini kaunti inaweza kutenga eneo la mafundi wa jua kali na kulipima, na kwamba chama cha mafundi kikiandikishwa kinaweza kuliomba kwa jina lake. Alitaka kujua ofisi ni ipi na siku gani wanapokea watu. Tumekubaliana kwenda pamoja, yeye, mzee, na yeyote kati ya wenzao atakayetaka kufunga kazi asubuhi moja.